Mkao wa Miezi Mitatu: Namna Mtoto Mchanga Alivyogeuzwa Kielelezo cha Mazoezi

Mazoezi ya kuimarisha kiwiliwili cha mtu mzima kwa kufuata hatua za ukuaji wa mtoto mchanga yalipewa utaratibu mjini Prague na Pavel Kolář, mtaalamu wa tiba ya viungo, aliyeiendeleza kazi ya Václav Vojta, daktari wa mishipa ya fahamu aliyewatibu watoto wenye matatizo ya mwendo yatokanayo na hitilafu za ubongo. Msingi wake ni kwamba mtoto mwenye afya, ambaye hafundishwi na mtu, akifikia miezi mitatu hadi minne huweza kulala chali na kuinua miguu yote miwili bila mgongo wake kuyumba.

Uthabiti huo hutokana na shinikizo la ndani ya tumbo. Kiwambo, yaani msuli mpana unaotenga kifua na tumbo, hushuka wakati wa kuvuta pumzi, na kwa kuwa misuli ya tumbo na ile ya sakafu ya nyonga hukinza mshuko huo, shinikizo huongezeka na kuuegemeza uti wa mgongo kwa mbele, kama mpira uliojazwa upepo.

Mtu mzima huanza kwa kulala chali, nyonga na magoti yakiwa yamekunjwa kwa nyuzi 90 na miundi ikiwa juu ya kiti. Mbavu za chini zikiwa zimetulia, huvuta pumzi mpaka vidole alivyoviweka juu kidogo ya kinena visukumwe nje, na mbavu za ubavuni zitanuke. Ndipo, huku akiendelea kupumua, huinua mguu mmoja kidogo. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa huiga umbo na kusahau mpangilio: huvuta tumbo ndani, hubana pumzi, na mgongo hupinda mara tu kisigino kinapoachana na kiti. Mguu ulioinuliwa kwa namna hiyo hauna faida, na hurudishwa ulipokuwa.

Uchunguzi wa Kolář na wenzake uliochapishwa mwaka 2012, uliotumia picha za MRI, ulionyesha kuwa mikono au miguu ilipokaza dhidi ya kizuizi, kiwambo cha watu wenye maumivu sugu ya kiuno kilisogea kidogo kuliko cha watu wasio na maumivu, ingawa tofauti hiyo peke yake haithibitishi kipi kilikitangulia kingine. Dai la kwamba mkao wa kitoto huamsha mpango wa mwendo uliohifadhiwa katika ubongo lina ushahidi hafifu zaidi; isitoshe, kichwa cha mtoto mchanga ni takribani robo ya urefu wake, hivyo uzito wake haugawanyiki kama wa mtu mzima.

Hatua zinazofuata, yaani kugeukia ubavu, kukaa upande kwa kuegemea mkono, kutambaa na kuchuchumaa, hazipangiwi idadi ya siku. Huruhusiwa pale tu pumzi inapoendelea kushuka hadi kinenani wakati kiungo kinabeba uzito.