Picha za Gazeti na Maisha ya Shamba katika Nchi ya Welisi

Watu wengi hudhani ya kuwa picha iliyochapwa katika gazeti haiishi kuliko gazeti lenyewe. Leo yatazamwa, kesho yafungiwa chumvi dukani, keshokutwa imekwisha kuwa majivu. Nasi tulikuwa na dhana hiyo hiyo, mpaka tulipopata nafasi ya kuzitazama kwa utulivu picha za Bwana Geoff Charles, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti liitwalo Y Cymro, maana yake Mwelisi. Twataka kuzieleza hapa, uzuri wake na upungufu wake, kwa kuwa zahusu watu wa shamba, na watu wa shamba ni nadra kuhojiana na picha zinazowahusu.

Welisi ni nchi ya milima na mvua nyingi, upande wa magharibi wa Uingereza, nayo ina lugha yake isiyofanana hata kidogo na Kiingereza. Gazeti la Y Cymro lilianzishwa mwaka 1932, likiandikwa kwa lugha hiyo. Bwana Charles alizaliwa mwaka 1909 huko Brymbo, karibu na mji wa Wrexham, akafa mwaka 2002. Alipiga picha zapata 120,000, na filamu zake zimewekwa katika Maktaba ya Taifa ya Welisi, mjini Aberystwyth. Filamu za zamani huoza, na zikioza hutoa harufu kama ya siki. Kwa hiyo watunzaji wamefanya kazi ya kuzinakili kabla hazijaharibika.

Basi, ndani yake mna nini? Mna mashindano ya kulima kwa plau, mashindano ya mbwa wa kuchunga kondoo, siku za soko, watoto wa shule, waimbaji, washairi waliotunzwa katika sikukuu ya mashairi iitwayo eisteddfod. Mna theluji ya mwaka 1947, mwaka uliowaua kondoo wengi mno milimani. Lakini sisi tulikaa zaidi juu ya picha za kunyoa manyoya ya kondoo. Wanyoaji wamekaa juu ya mabenchi yao kwa safu, kila mmoja na kondoo wake mbele yake, mkasi mkononi. Watu hao si vibarua. Ni majirani waliotoka mashamba ya bonde zima kumsaidia mwenzao mmoja. Kesho watamwendea wa pili, na keshokutwa wa tatu, wala hapana anayeuliza ujira, kwa maana zamu yake yaja. Jikoni wanawake wameandaa meza kubwa. Twaona katika picha hizo ujima ule ule tuujuao, ila hapa wenye kufaidi ni wenye kondoo, na huko kwetu ni wenye mahindi.

Neno la kwanza la kuzisifu ni hili: zilipigwa kwa ajili ya jirani. Aliyenunua Y Cymro alikuwa mtu wa shamba la ng'ambo ya mlima. Alimjua aliyeshika mkasi, alijua kama ni mwepesi au mzembe, labda alimdai. Mpiga picha hawezi kumdanganya msomaji wa namna hiyo. Katika miaka ile ile, tarehe 20 Septemba 1948, gazeti kubwa la Marekani liitwalo Life lilitoa picha za Bwana W. Eugene Smith juu ya daktari wa shamba, Dkt. Ernest Ceriani wa Kremmling katika jimbo la Colorado. Ni picha bora sana, hatukatai. Katika moja daktari amesimama jikoni na kikombe cha kahawa mkononi, uchovu umemjaa uso mzima, na mtu akiisha kuiona haisahau. Lakini mamilioni walioitazama hawakumjua daktari wala wagonjwa wake, na hawakutazamia kufika Kremmling. Smith alilazimika kuwafanya wageni wahuzunike na kustaajabu. Charles hakulazimika kumfanya mtu astaajabu. Alitakiwa tu asikosee. Tofauti hiyo yaonekana katika mwanga wenyewe: picha za Life zina vivuli vizito kama vya mchezo wa kuigiza, na nyingi za Y Cymro zina mwanga wa kawaida wa mchana, hata zingine twaweza kuziita butu.

Sasa tuseme upungufu wake. Gazeti la nyumbani huenda mahali penye kikombe cha ushindi, harusi, jubilei, au mgeni mheshimiwa. Watu wameoga, wamechana nywele, wamevaa nguo za Jumapili. Ugomvi wa mipaka haupigwi picha. Mzee aliyekaa peke yake siku sita pasipo kubishiwa hodi, naye haonekani. Mwenye kuzisoma picha hizi kana kwamba ndizo maisha yote ya kijiji angedhani ya kuwa watu wa Welisi walishinda wakipokea zawadi. Wala hatumlaumu Bwana Charles peke yake kwa hayo. Sisi sote, tukisikia kamera imefika, twatafuta kanzu safi.

Picha yake iliyo mashuhuri kupita zote ni ya mwaka 1945. Mzee mmoja na mkewe Catrin wamesimama nje, wakiitazama milima kwa mara ya mwisho kabla ya kuliacha shamba lao la Carneddi, karibu na Beddgelert, kwenda Hinckley katika Uingereza kukaa na mwana wao. Mzee huyo ni Richard Griffith, aliyejulikana kwa jina la Carneddog, mshairi na mwandishi, ambaye mwenyewe alikuwa ameyaandikia magazeti ya Kiwelisi miaka mingi. Mwaka 1947 akafa. Picha hiyo imekuwa kama nembo ya taifa: wazee wanaiacha nchi, na lugha yaondoka pamoja nao.

Twakiri kwamba ilitugusa. Hata hivyo twaionea shaka kidogo. Inamwambia mtazamaji mapema mno ahuzunike. Tena imewageuza watu wawili wenye majina yao kuwa mfano tu. Kama tusingekuwa na picha za wanyoaji, na za walimaji, na za mabenchi yaliyojaa watoto, tungejuaje ni kitu gani hasa wazee hao walikuwa wakikiacha? Picha butu ndizo zilizoipa thamani picha hii, nazo hazitajwi.

Jambo hilo lilitusumbua zaidi tulipofika kwenye picha za Capel Celyn. Hiki kilikuwa kijiji kidogo katika bonde la mto Tryweryn, karibu na mji wa Bala: kanisa, shule, posta na mashamba. Mwishoni mwa mwaka 1955 wenyeji walipata habari kwa magazeti ya kuwa halmashauri ya mji wa Liverpool yataka kulijaza bonde lao maji kwa ajili ya mji wake. Tarehe 21 Novemba 1956 waliandamana katika barabara za Liverpool, wazee kwa watoto, wameshika mabango. Haikufaa kitu. Mwaka 1957 Bunge la London lilipitisha sheria, ijapokuwa wabunge wa Welisi kwa wingi wao hawakuitaka. Watu 48 wakapoteza makao yao. Shule ilifungwa Julai 1963, ibada ya mwisho ikafanywa Septemba mwaka huo huo, na mwaka 1965 ziwa likafunguliwa. Halmashauri ya Liverpool iliomba radhi Oktoba 2005, miaka arobaini baadaye.

(Na tukumbuke jambo hili: mwaka 1949 Bwana Charles na mhariri wake, John Roberts Williams, walitoa filamu iitwayo Yr Etifeddiaeth, yaani Urithi, ambamo anayetuongoza kuiona nchi ni mtoto mweusi aliyehamishwa Liverpool kwa sababu ya mabomu ya vita, akalelewa shambani, akajifunza Kiwelisi. Mtoto wa Liverpool walimpokea.)

Bwana Charles alikwenda Capel Celyn mara nyingi. Aliwapiga picha watoto darasani na watu wazima kazini. Ni picha za kawaida, kama zile alizopiga kila mahali, lakini hatuwezi tena kuzitazama kwa kawaida. Tukimwona mtoto ameinama juu ya daftari, twayaona maji. Mtoto mwenyewe, labda anayetafuta jibu la hesabu tu, twamruka. Na tujiulize: kama maji yasingetishia, mpiga picha angefika mara ngapi katika kijiji kidogo namna ile? Kijiji kilipohukumiwa ndipo kilipotazamwa.

Tena kuna kitu ambacho kamera haikuweza kabisa kukishika, nacho ndicho kilichogombewa, yaani lugha. Picha ni bubu. Katika gazeti, maneno ya Kiwelisi chini ya picha yalifanya kazi hiyo: yalitaja mtu, shamba lake, na shughuli yake kwa lugha aliyoisema mwenyewe. Wanaozichapa picha hizi siku hizi katika vitabu na maonyesho, wakiyaacha maneno yale na kuweka mwaka na jina la mpiga picha tu, wanatupa nusu ya kazi. Wasemao ya kwamba mwenye macho haambiwi tazama hawajajaribu kumtambua mtu katika picha isiyo na jina.

Wakati wa ukame mkubwa maji ya ziwa lile hupungua, na mabaki ya kuta hutokea juu ya matope. Wapiga picha huja kwa wingi siku hizo. Tumeziona baadhi ya picha zao: mawe, matope yaliyopasuka, na anga.