Mkato Unapohama

Ukitaka kujua kwa swali moja la SQL kwamba duka lina wateja wangapi na oda ngapi, mkono huenda kwanza kwenye mstari huu:

SELECT COUNT(*) FROM wateja, oda;

Unasomeka vizuri mno. Wateja wakiwa 3 na oda 4, jibu ni 12. Mkato ulio baada ya FROM hauorodheshi, unazidisha: kila mteja anaunganishwa na kila oda, kisha COUNT inahesabu jozi. Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM, walioitambulisha lugha hii mwaka 1974, walitaka hata asiyejua programu aisome kama sentensi, na hapa usentensi huo ndio unaodanganya. CROSS JOIN, iliyokuja na SQL-92, angalau haifichi inachokifanya.

Wapo wanaoziba kasoro hiyo kwa COUNT(DISTINCT) juu ya kila kitambulisho. Namba zinarudi 3 na 4, hadi siku jedwali la oda litakapokuwa tupu: mara sifuri ni sifuri, na wateja nao wanatoweka.

Sasa tazama hili:

SELECT (SELECT COUNT(*) FROM wateja) AS wateja,
(SELECT COUNT(*) FROM oda) AS oda;

Mkato ni ule ule, ila umehama. Umekaa katikati ya mabano mawili, kila moja na FROM yake, na kazi yake sasa ni kutenganisha tu. Kinachonivutia zaidi ni SELECT ya nje: haina FROM kabisa. PostgreSQL na MySQL huikubali hivyo. Oracle kwa miaka mingi iling'ang'ania FROM DUAL, jedwali la safu mlalo moja lililowekwa pale kuiridhisha sarufi.

Umbo la tatu husimama wima:

SELECT 'wateja' AS jedwali, COUNT(*) AS idadi FROM wateja
UNION ALL
SELECT 'oda', COUNT(*) FROM oda;

Ni kama mishororo ya shairi: jina kwenye ukwapi, hesabu kwenye utao. Ondoa majina pamoja na ALL, na majedwali mawili yenye safu mlalo 40 kila moja yatatoa jibu moja tu, kwa kuwa UNION peke yake hufuta marudio. Kwa majedwali mawili matatu nachagua mabano. Yakifika ishirini nahamia UNION ALL, maana kila jedwali jipya huongeza mshororo mmoja na matokeo hubaki na safu wima zile zile mbili.