Albamu ya Poiret: Fani Inang'ara, Maudhui Je?

Tumezoea kuhakiki riwaya na tamthilia tu. Lakini hata albamu ya mitindo ni kazi ya sanaa, nayo ina fani na maudhui. Tuchukue Les Robes de Paul Poiret, iliyotolewa Paris mwaka 1908 kwa michoro ya Paul Iribe. Magauni yake yamefungwa juu, chini ya kifua, kama ya Ufaransa ya miaka ya 1790. Koseti, lile vazi la kukaza kiuno, limetupwa. Kifani, Iribe ni fundi hasa: samani na picha za ukutani kaziacha nyeusi na nyeupe, rangi kazipa nguo. Jicho halina pa kukimbilia!

Tatizo ni maudhui. Mtindo huo ulishamiri baada ya mapinduzi ya 1789. Poiret kachukua gauni, mapinduzi kayaacha. Wanawake wanaochorwa ni wateja matajiri, aliyeshona haonekani. Tena, kufikia 1910, Poiret huyohuyo akaleta sketi ya kubana miguu. Sasa, ndugu msomaji, huo ni ukombozi gani? Ya kale ni dhahabu, sawa. Lakini tuulize kwanza imeingia mfuko wa nani.