Zinki-Nikeli: Upako wa Ndege Niliousubiri kwa Hamu

Hatimaye nimeishika mkononi boliti ya ndege isiyo na hata chembe ya kadimiamu! Rangi yake ni ya kijivu kilichofifia, haing'ai, haijipambi. Usiidharau. Kwangu mimi hii inasisimua kuliko injini yoyote mpya!

Kwa miongo mingi, boliti na miguu ya ndege imekingwa na kutu kwa kadimiamu. Inakinga kwelikweli, lakini ni sumu: huharibu figo, hudhoofisha mifupa, na IARC, taasisi ya WHO ya utafiti wa saratani, imeiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Isitoshe, kwa kawaida hupakwa katika matangi ya sianidi! Abiria anatua salama, fundi anabaki na sumu.

Sasa ona zinki-nikeli inavyofanya. Tangi lake ni la alkali, halina sianidi. Nikeli ni takriban asilimia 12 hadi 16, iliyobaki ni zinki. Upako ukichubuka, zinki ndiyo inayoliwa kwanza na chuma kinapona. Nikeli nayo inaipunguzia zinki kasi ya kuliwa, hivyo kinga inadumu. Juu yake hupakwa kromiamu ya aina ya tatu, wala si ile ya sita inayosababisha saratani.

Lakini kilichonikosha hasa ni haidrojeni! Feleji ngumu ya miguu ya ndege huinyonya gesi hii ndani ya tangi, kisha inaweza kukatika ghafla ikiwa imebeba mzigo. Upako unaong'aa huifungia gesi ndani. Huu uliofifia una vinyweleo: kipande kikiwekwa katika oveni ya nyuzi 190 hivi za Selsiasi kwa karibu siku nzima, gesi inatoka. Kumbe kule kutong'aa ndiko usalama wenyewe!

Na si ndoto ya maabara. Kambi ya Hill huko Utah, ambako Jeshi la Anga la Marekani hukarabati miguu ya ndege zake, imeshaanza kuutumia.

Liko la kuangalia: kadimiamu huteleza zaidi, kwa hiyo vilainishi na nguvu ya kukazia nati lazima vipimwe upya. Ni kazi, lakini inafanyika.

Uamuzi wangu? Anayejenga tangi jipya leo ajenge la zinki-nikeli, na asingoje sheria imlazimishe. Afya ya fundi ni sehemu ya usalama wa ndege.