Nuru Isiyo na Mbawa: Picha ya Tanner ya Kupashwa Habari Mariamu

Henry Ossawa Tanner alizaliwa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1859. Mama yake alikuwa amezaliwa utumwani, na baba yake alikuja kuwa askofu. Mwaka 1897 alizuru Misri na Palestina. Mwaka uliofuata alionyesha mjini Paris picha ya malaika Gabrieli akimpasha Mariamu habari, kama ielezwavyo katika sura ya kwanza ya Luka. Ilinunuliwa mwaka 1899, nayo imo katika jumba la sanaa la Philadelphia.

Wachoraji wa Ulaya waliomtangulia walikuwa na ada yao katika jambo hili: malaika mwenye mbawa, ua la yungiyungi kuwa alama ya usafi, na joho la samawati. Tanner ameiacha ada hiyo. Mariamu wake ni msichana wa kijijini, ameketi ukingoni mwa kitanda kilichovurugika. Vazi lake lina milia, na vidole vya mguu vyatokeza chini ya nguo. Malaika hana uso wala kiwiliwili, ila ni nguzo ya nuru.

Yamkini mtu akadai kwamba hivyo heshima ya habari yenyewe imepunguzwa. Dai hilo halisimami. Luka hataji hapo mbawa wala ua. Ataja kufadhaika kwa Mariamu na kuwaza kwake, na ndicho kitambo kilichochorwa, baina ya salamu na jibu. Mbawa zingalimvuta mtazamaji kwa mjumbe; nuru yamrudisha kwenye uso wa aliyeletewa ujumbe.

Wala alama hazikutoweka. Kitambaa cha samawati chaning'inia kando, hakijavaliwa. Rafu ya ukutani yakatana na nguzo ya nuru, na jicho laona msalaba. Vitu hivi ni vyombo vya nyumbani kwanza, ndipo viwe alama. Asiyejua maana yake hakosi kuiona nyumba.

Kasoro ipo. Mavazi ya wakulima wa Palestina wa karne ya 19 si ushahidi wa karne ya kwanza, na nuru yenyewe haimo katika maneno ya Luka. Basi picha hii isipokewe kuwa taarifa ya mambo yalivyokuwa. Ni tafsiri, na nguvu yake ni kumwachia binti huyo nafasi ya kuwaza kabla ya kukubali.