Kuipima Kompyuta Kabla Haijaundwa

Juni 2021, baada ya kukosekana kwa miaka 19, Safari Rally ilirejea katika mashindano ya ubingwa wa dunia, na njia zake nyingi zilikuwa za huku kwetu Nakuru: Naivasha, Soysambu, Elmenteita, hadi karibu na kilima wanachokiita Sleeping Warrior. Watu walijipanga kando ya njia na kulila vumbi kwa furaha. Novemba 2023 ukatoka mchezo wa kompyuta uitwao EA Sports WRC, na Safari Rally ya Kenya imo ndani yake. Kijana wa Gilgil au Nakuru anayeweka akiba ili aunde kompyuta ya gemu ana hamu inayoeleweka: kuendesha gari la mashindano katika nchi anayoijua kwa miguu yake. Lililobaki ni kujua kama kompyuta anayoipanga itauweza mchezo huo.

Wapo wanaojua kulijibu swali hilo, na wengi wao hawana hata kibao mlangoni. Ni mafundi wa vibanda vya simu na kompyuta mjini Nakuru, ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, ni binamu fulani ambaye ukoo mzima humpigia simu. Wanaletewa orodha ya vipuri ambavyo havijanunuliwa, nao wanatakiwa waseme mashine ambayo haipo itafanyaje kazi. Naisifu kazi yao kwa moyo wote, kwa sababu hukumu yao huja wakati bado ina faida, pesa zikiwa zingali mfukoni.

Mpimaji hodari hauanzi upimaji wake na vipuri. Huanza na mwenye orodha. Unataka kucheza nini? Kwenye skrini gani? Nani mwingine nyumbani ataitumia mashine hii, na kwa kazi gani? Maswali haya si ya kupoteza muda. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta 2,073,600 za kuchorwa katika kila fremu. Ile ya 4K ina 8,294,400, mara nne kamili. Kadi ya grafiki inayotosha kwenye skrini ya kwanza huenda ikahema kwenye ya pili. Michezo nayo haifanani. Tekken, mchezo ambao Mkenya Sylvia Gathoni, maarufu kama Queen Arrow, alisajiliwa kwa ajili yake na timu ya kimataifa ya UYU mwaka 2018, huenda kwa fremu 60 kwa sekunde, na ngumi ya haraka kwa kawaida huchukua fremu 10 kufika. Hiyo ni sehemu moja ya sita ya sekunde. Mashine ikikwama kidogo tu hapo, mchezaji amepigwa kabla ya kuona. Katika mchezo wa kujenga miji, kukwama kwa namna hiyo humfanya mtu asubiri kidogo, basi.

Nilimtazama fundi mmoja wa mjini Nakuru akiisoma orodha ya kijana aliyetoka Gilgil. Ilikuwa kwenye karatasi ya daftari: kompyuta ya ofisi iliyotumika, Dell OptiPlex 9020, yenye prosesa ya Core i5-4590, RAM ya GB 8, kipande kimoja, diski ya kawaida ya GB 500, na kadi ya grafiki ya RTX 3060 yenye kumbukumbu ya GB 12. Jina la kadi lilikuwa limepigiwa mstari mara mbili.

"Mdogo wangu, kadi hii umeipenda kweli," fundi akasema.

"Ndiyo, fundi. Nikiwa na hiyo si nitacheza kila kitu?"

"Kadi ni nzuri, sina neno nayo. Sasa hebu niambie, stima yake itatoka wapi?"

Akaigeuza karatasi na kuandika nyuma yake. RTX 3060 peke yake hufikia wati 170, na watengenezaji wanashauri pawa saplai ya wati 550. OptiPlex ile ya mnara huja na pawa saplai ya wati 290, tena haina waya wa ziada wa kuilisha kadi. Kadi isiyo na waya wake hupata wati 75 tu kupitia ubao mama. Kubadilisha pawa saplai nako si jambo la kubandika na kubandua, kwa sababu plagi za kompyuta ile ni za Dell yenyewe na hazilingani na za kawaida. Kabla hawajafika kwenye mchezo wowote, orodha ilikuwa imekwama kwenye umeme.

Kisha akaja kwenye prosesa, na hapa ndipo nilipouona ufundi wenyewe. Ili mchezo uende kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu lazima iwe tayari ndani ya milisekunde 16.7. Prosesa hukokotoa mwendo wa gari, springi, magurudumu na mawe, kadi huchora. Prosesa ikichukua milisekunde 25 kumaliza sehemu yake, mchezo utaenda kwa fremu 40, hata kadi iwe ya bei gani, maana kadi haiwezi kuchora ambacho hakijakokotolewa. Core i5-4590 ni ya mwaka 2014, ina viini vinne na nyuzi nne tu. Tekken 8, iliyotoka Januari 2024, inataja Core i5-6600K, ambayo ni mpya zaidi yake, kuwa ndiyo kiwango cha chini kabisa.

Basi kanuni ya fundi ikawa hii, na yeyote anaweza kuitumia. Tafuta vipimo vya prosesa yako ilipojaribiwa katika mchezo uleule pamoja na kadi yenye nguvu kupita zote. Andika idadi ya fremu. Tafuta vipimo vya kadi yako ilipojaribiwa pamoja na prosesa yenye nguvu kupita zote, kwa skrini kama yako, andika tena. Namba iliyo ndogo kati ya hizo mbili ndiyo takribani utakayoipata. Zikikaribiana, orodha yako ina uwiano. Zikiachana mbali, kuna pesa inayokwenda kulala bure. Wala usiridhike na wastani: angalia pia fremu zilizo mbaya kuliko zote, kwa sababu wastani wa 70 unaweza kuficha kukwamakwama kunakoudhi kila gari linapokata kona.

RAM na diski fundi hakuzikalia sana. GB 16 kwa vipande viwili vya GB 8, ili prosesa isome njia mbili kwa pamoja. Diski ya SSD, kwa sababu michezo mingi ya sasa huvuta mandhari kutoka kwenye diski huku ukicheza, na ile ya kuzunguka huchelewa. Akaongeza neno la mfumo: prosesa ile haimo katika zile ambazo Windows 11 inazitambua rasmi, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025.

Mpimaji wa Nakuru hupima na mahali pia. Mji huu uko takribani mita 1,850 juu ya bahari, na kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Feni inayozunguka kwa kasi ileile hubeba joto pungufu. Baridi yetu husaidia kufidia, lakini vumbi la msimu wa kiangazi huja kuharibu hesabu: likiziba matundu ya kasha, kadi hupata moto na kupunguza kasi yake yenyewe ili isiungue. Kwa hiyo fundi huuliza kama kasha lina chujio la vumbi linalotoka na kuoshwa. Kisha huuliza habari za stima. Ingawa umeme wa mvuke wa Olkaria unazalishwa jirani tu, hapa nyumbani hukatika kama kwingine, na ukirudi unaweza kurudi kwa kishindo. Pawa saplai ya kuaminika na UPS ndogo vina nafasi yao kwenye orodha, hata kama haviongezi fremu moja.

Mwishowe alimwandikia kijana orodha nyingine: prosesa ya Ryzen 5 5600 ya wati 65, kadi ya RX 6600 ya wati 132, pawa saplai ya wati 500. Jumla ya vile viwili vikubwa haifiki wati 200, na nafasi inabaki. Kadi ile ni dhaifu kidogo kuliko ya ndoto yake, ila mashine nzima ni bora kwa mbali. Akamwambia wazi pia kwamba EA Sports WRC ulipotoka, wachezaji waliulalamikia kwa kukwamakwama hata kwenye mashine za nguvu, hivyo akiona hitilafu asikimbilie kulaumu vipuri. Na akamshauri kama hela hazijatosha, asubiri. Fundi hakuuza chochote siku hiyo.

Hapo ndipo heshima ya kazi hii ilipo. Anayejenga hupata shukrani mashine ikiwaka. Anayepima hufanya kazi ambayo matunda yake ni hasara isiyotokea, na hasara isiyotokea hakuna anayeiona. Kwa kijana aliyekusanya akiba yake kwa kufyeka, kuuza maziwa au kuendesha bodaboda, kadi iliyonunuliwa kimakosa Luthuli Avenue, Nairobi, ni nauli ya huko mara mbili na mabishano na muuzaji, tena mara nyingi bila kurudishiwa kitu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mpimaji ndiye daftari la asiyekuwa na ziada ya kupoteza.

Ukipanga kuunda kompyuta, iandike orodha yako yote, taja mchezo na skrini, umpelekee mtu wa namna hii kabla hujatuma hela kwa muuzaji. Akikuambia usinunue, msikilize, na umlipe kwa muda wake. Nawe unayejua kupima, wafundishe wadogo zako ile hesabu ya namba mbili, maana haigharimu kitu na wengi wanaihitaji.