Umefanya Mwenyewe?

Katika miaka ya sitini, Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu Dar es Salaam, alikwenda Iringa kuzungumza na wanafunzi wa shule ya sekondari ya Mkwawa. Ulipofika wakati wa maswali, kijana mmoja, Erasto Mpemba, alisimama akauliza: Ukichukua bika mbili zenye maji kiasi sawa, moja nyuzi 35 na nyingine nyuzi 100, ukaziweka kwenye friza, ile ya moto hutangulia kuganda. Kwa nini?

Wenzake walicheka. Swali hilo alikuwa nalo tangu 1963, akiwa kidato cha tatu, alipowahi nafasi kwenye friza ya shule kwa kuingiza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza, mwalimu alimwambia amechanganyikiwa. Tusimlaumu sana mwalimu: aliyesoma kanuni ya Newton ya kupoa angejibu hivyohivyo.

Osborne alitabasamu, akamwomba arudie swali. Hapo ndipo ninapomvulia kofia. Swali likirudiwa, muulizaji hulisafisha, na anayejibu hupata muda wa kusikia kilichoulizwa badala ya alichodhani kimeulizwa. Kisha akauliza: ni kweli, umefanya mwenyewe? Mpemba akasema ndiyo. Osborne akakiri kwamba hajui sababu, akaahidi kulijaribu jambo hilo akirudi Dar es Salaam.

Ahadi za namna hii huishia kwenye gari la kurudi. Yeye alimpa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaja na taarifa kwamba kweli maji ya moto yametangulia, ila wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi! (Fundi huyu yumo ndani ya wengi wetu.)

Baadaye majaribio yalifanywa kwa makini. Bika ziliwekwa juu ya kipande cha polistairini, kwa sababu bika ya moto ikikaa juu ya barafu ya friza huiyeyusha, ikagusana vizuri zaidi na bati baridi, na hapo unakuwa umepima barafu, hujapima maji. Swali la kijana wa sekondari lilipewa ulinzi uleule ambao lingepewa swali la profesa.

Makala yao ilitoka mwaka 1969, jina la Mpemba likitangulia la Osborne. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya na kusema hawaoni ushahidi wa kuridhisha. Wengine hawajakubali, na ubishi ungali moto.

Basi wewe unayejibu wanafunzi, darasani au kwenye kundi la simu, kabla hujaandika “haiwezekani”, muulize kwanza alitumia friza gani.